Kura za kumpata msoma maiti

Katika kaunti nyingi za jimbo la Georgia, Marekani, anayetaka kuwa mchunguzi wa vifo hubandika mabango na kuomba kura. Sheria inamtaka awe ametimiza miaka 25, ana cheti cha sekondari na hajapata kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai. Akishinda, anapelekwa mafunzo ya wiki moja. Baada ya hapo ndiye anayeitwa penye maiti aseme: ni maradhi, ajali, kujiua au mauaji? Wengine ni wenye nyumba za mazishi, wanaolijua jeneza kuliko jeraha.

Cheo chenyewe ni cha kale. Kilianza Uingereza mwaka 1194, na kazi ya mwenye cheo ilikuwa hasa kulinda mapato ya mfalme. Jina lake la Kiingereza, coroner, lilitokana na taji, shina lilelile lililokipa jina kirusi cha korona. Huko Uingereza sasa anayeteuliwa lazima awe mwanasheria.

Marekani imebaki viraka. Massachusetts ilikifuta cheo hicho mwaka 1877 ikaweka madaktari. New Mexico ina ofisi moja ya wataalamu kwa jimbo zima. Kwingine, mtu akifa upande huu wa mpaka wa kaunti hupasuliwa na bingwa, akifa ng'ambo ya barabara hutazamwa na muuza majeneza. Mwaka 2009 Akademia ya Taifa ya Sayansi ilishauri cheo hicho kiondolewe. Kipo.

Tena udaktari hausaidii kitu ikiwa kalamu ya mwisho anayo mwingine. Katika kaunti nyingi za California, sherifu ndiye pia mchunguzi wa vifo. Huko San Joaquin, daktari wa kupasua maiti Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria aliyegundua madhara ya kugongwagongwa kichwa katika ubongo wa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani Mike Webster, alijiuzulu Desemba 2017 akidai sherifu anaingilia kesi za waliokufa mikononi mwa polisi. Sherifu alikanusha. Mwaka uliofuata, kaunti iliamua kuzitenganisha ofisi hizo.

Msomaji wa Mombasa asicheke. Kenya ilipitisha sheria ya huduma ya taifa ya wachunguzi wa vifo mwaka 2017. Makaburi ya waumini wa dhehebu katika msitu wa Shakahola yalipoanza kufukuliwa Aprili 2023, na maiti hatimaye zikapita 400, huduma hiyo ilikuwa ingali kwenye karatasi. Mzigo ulimwangukia mwanapatholojia mkuu wa serikali, Johansen Oduor, na wenzake, huku jamaa wakisubiri Malindi majibu ya vinasaba.