Taa Yangu ya Matatu Haimtibu Mtoto Wako

Kama umewahi kupanda Mghange mwezi wa saba, unaujua ukungu wetu. Unafungua mlango asubuhi na hata choo hukioni. Mwaka nilioacha chuo nilirudi huku kwa nyanya, nikakaa ndani ya ukungu huo wiki baada ya wiki, hamu ya kitu chochote sina. Sasa si unajua kijana na simu? Nikaona video za wazungu wanaoketi mbele ya taa kila asubuhi ili roho ichangamke. Nikasema, hii najiundia.

Nikashuka Voi kununua mikanda ya LED, ile ile inayopamba matatu. Nilichukua ya buluu kwa sababu ndiyo iliyokuwa bei rahisi, sitakudanganya. Nikaibandika ndani ya karai kuukuu, nikaunganisha nyaya kwa risasi, nikaipa stima kwa adapta ya volti 12 ya ruta iliyokufa. Ikawaka! Usiku nyumba ya nyanya ilikuwa kama matatu iliyoegeshwa kwenye migomba.

Roho yenyewe haikuchangamka sana. Taa hizo zilivuma baada ya 1984, Dkt Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani walipoeleza huzuni inayowapata watu msimu wa baridi, siku zinapokuwa fupi. Taa zao hutoa mwanga wa laksi 10,000. Karai langu halikukaribia hapo. Na sisi tulio karibu na ikweta tuna karibu saa 12 za mchana mwaka mzima. Kutoka nje asubuhi, hata kwenye ukungu, kulinisaidia kuliko lile karai.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Jioni moja jirani yetu alibisha hodi amembeba mtoto wa siku nne. Macho ya mtoto yalikuwa manjano. Kifungua mimba wake pia aliwahi kulazwa hospitalini chini ya taa ya buluu akapona, kwa hiyo alipoona dirisha letu linang'aa vile, akapiga hesabu yake.

"Mwanangu, si nimlaze tu hapa saa mbili? Nauli sina, na barabara ni tope."

Nitakwambia ukweli: nilitaka kukubali. Wewe umeacha chuo, kijiji kizima kinajua, halafu mama mtu mzima anakwambia kitu ulichounda kinaweza kumponya mtoto wake. Kifua kinajaa.

Na wazo lake halikuwa la kijinga hata kidogo. Mwaka wa 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa nje watoto waliozaliwa kabla ya wakati wapate jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye umanjano ulikuwa umefifia mwilini, isipokuwa pale palipofunikwa na ncha ya shuka. Mwaka wa 1958 Dkt Richard Cremer na wenzake wakachapisha habari za kifaa chao cha kumulika watoto kwa mwanga wa buluu.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtoto mchanga huvunja chembe nyekundu nyingi za damu, na mabaki yake, bilirubini, hulilemea ini ambalo bado ni changa. Mwanga wa buluu, hasa wa nanomita 460 hadi 490, huibadilisha bilirubini iliyo kwenye ngozi ili itoke kwa mkojo na choo bila kulisubiri ini. Ikipanda sana huingia kwenye ubongo. Hapo mtoto anaweza kufa, au abaki kiziwi, au viungo visimtii maisha yake yote. (Usiuchanganye umanjano huu na homa ya manjano ya mbu, tafadhali.)

Sasa niambie, mkanda wa matatu ni nanomita ngapi? Pakiti imeandikwa rangi tu, basi. Tiba kali inahitaji angalau maikrowati 30 kwa kila sentimita mraba kwa kila nanomita, na hiyo hupimwa kwa mita maalum. Hata mirija ya hospitali huendelea kuwaka buluu safi huku nguvu yake ya tiba ikiwa imeshuka, na kwa jicho huwezi kujua. Halafu mtoto lazima afunikwe macho, aangaliwe joto, anyonye vya kutosha.

Kilichonitisha zaidi ni hiki: chini ya taa, ngozi hupauka hata kama bilirubini kwenye damu bado iko juu. Ndiyo maana hospitali hurudia kupima damu. Mama yule angemwona mtoto ameng'aa, angenishukuru, angerudi kulala.

Nikamwambia hapana. Alikasirika, na nyanya pia akaninunia kidogo. Tukachanga nauli, Probox ikawashusha usiku huo huo. Mtoto alilazwa siku tatu, na sasa anatembea.

Najua kuna anayesoma hapa akisema, "Si umwanike tu juani?" Nigeria walijaribu jua, matokeo yakachapishwa 2015. Lakini walilichuja kwa mahema ya plastiki maalum inayozuia miale mibaya, na wauguzi na vipimo vilikuwa pale pale. Hicho si kibaraza cha kwenu. Ukiona umanjano ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo zimekuwa manjano, au mtoto hataki kunyonya na halali ila kulala tu, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi.

Na wewe mwenzangu unayechezea nyaya, sikwambii uache. Taa za hospitali nazo huharibika, zinahitaji mtu wa kuzitengeneza na kuzipima. KMTC hufundisha ufundi wa vifaa vya tiba, na mimi nimeanza kuulizia karo.

Karai nilimpa kinyozi mmoja hapa juu. Anasema linaleta wateja.