Kata kanga ya bibi, usikate sura yake

Wa siku zote karibu tena kijiweni. Na wewe unayesoma kwa kuchungulia begani kwa mwenzako kwenye daladala, karibu pia, ila wiki ijayo nunua lako.

Leo nina swali kutoka Mugeta, kule wilayani Bunda, mkoa wa Mara. Dada mmoja anasema ukoo wao unaandaa misa ya kumbukumbu ya bibi yao, na yeye kapewa kazi ya kubuni fulana. Picha ya bibi ipo moja tu, ya karatasi, tena imeanza kupauka. Anataka aigeuze iwe kama lile ua linalojirudia pande zote, ambalo vijana wa mjini wanalitengeneza kwa kompyuta. Anauliza: "Kaka, nianzie wapi nisije nikaharibu?"

Dada yangu, swali lako ni bab kubwa. Ua hilo linaitwa kaleidoskopu, na wala si uchawi wa kompyuta. Alilibuni Mskochi David Brewster mwaka 1816, kwa bomba, vioo na vipande vya rangi. Kioo kinarudisha sura ya kipande, kioo cha pili kinarudisha sura ya kile cha kwanza, mwisho unaona ua zima. Kompyuta inaiga vioo tu, basi.

Sasa shika kalamu. Kwanza, ipige picha ile karatasi kwa simu, mchana, kivulini, bila flashi. Tengeneza nakala, na ile faili ya asili mtumie na ndugu mwingine aitunze. Kazi yote ifanyie kwenye nakala. Siku karatasi ikifutika kabisa, faili ile ndiyo bibi mwenyewe. Ukisevu ua juu yake, umemzika mara ya pili.

Pili, programu. Photoshop, iliyotoka 1990, ni ya kulipia. GIMP, iliyoanzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni ya bure. Nenda na hiyo ya bure. Fungua ukurasa wa pikseli 3,500 kwa 3,500, unaotosha kuchapa kifuani upana wa sentimita 30 hivi bila ukungu.

Tatu, kata kipande cha pembetatu chenye ncha ya nyuzi 60, kama kipande cha keki. Kinakili, ile nakala igeuze kama inavyoonekana kwenye kioo, kisha vipange ubavu kwa ubavu, ncha kwa ncha. Hapo una nyuzi 120. Viunganishe viwe kitu kimoja, unakili mara mbili: nakala moja izungushe nyuzi 120, ya pili nyuzi 240. Kituo cha kuzungushia kiwe pale pale kwenye ncha, la sivyo ua litaachia mwanya katikati. Duara limetimia! GIMP toleo 2.10, la mwaka 2018, lina kichujio kinachofanya yote haya kwa mbofyo mmoja, lakini anza kwa mkono ujue unachofanya.

Sasa kasheshe: ukate wapi? Ukikata usoni, jicho moja la bibi litakuwa macho sita, watoto watakimbia misa na wazee watakuweka kikao. Sura ya marehemu si ya kuchezea. Tazama alichovaa. Kama amejifunga kanga, umemaliza kazi, maana kanga yenyewe ina mji katikati na pindo pembeni, maua yanajirudia tangu kiwandani. Kata hapo. Ukwepe tu yale maandishi, kwani ukigeuza yatasomeka kinyumenyume, na bibi hakukusudia kusema hivyo!

Kama nguo imepauka mno, nenda shambani. Bunda ni nchi ya pamba. Piga picha ya pamba iliyopasuka, nyeupe juu ya ganda la kahawia, uone itakavyokuwa ua. Kisha chukua sura ya bibi, nzima, bila kuigusa, uiweke katikati. Hapo amekaa ndani ya kanga yake, au ndani ya shamba lake, na kila mtu atamjua.

Ukifika kwa fundi wa fulana, uliza bei ya kuchapa tu. Mchoro ni wako, asikutoze hela ya kubuni.

Nyie wengine mnaocheka, albamu ya nyumbani kwenu iko wapi? Juu ya kabati, inaliwa na mchwa. Msisubiri misa ndipo muitafute. Ishusheni leo, mpige picha ukurasa kwa ukurasa, wakati mama bado yupo wa kuwatajia majina.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.