Mgonjwa wa figo asifungiwe kitandani

MGONJWA wa figo akirudi nyumbani kutoka hospitali, neno la kwanza analoambiwa ni "pumzika". Jembe hunyang'anywa, kikapu cha majani chai huangikwa ukutani, na hata maji ya kunawa huletewa kitini. Twafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini, ndugu msomaji, mapenzi ya aina hii humdhoofisha.

Huenda nawe unayesoma haya mjini una mzazi Kericho au Bomet anayesafishwa damu kwa mashine. Tangu mpango wa serikali wa mwaka 2015 wa kupeleka mashine katika hospitali za kaunti, si lazima tena kila mmoja asafiri hadi Eldoret au Nairobi. Huduma ipo Kericho, Longisa na Tenwek. Mgonjwa hukaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne hivi, aghalabu mara mbili kwa juma. Je, siku zile nyingine hufanya nini?

Akilala tu, misuli huisha. Ugonjwa wenyewe huila, upungufu wa damu humchosha, na kitanda humaliza kilichobaki. Mtu aliyepanda mlima na kikapu mgongoni hushindwa kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Matatu ya kwenda hospitali nayo humshinda kupanda. Hapo huanza kukosa zamu za mashine, na kukosa zamu ni kuhatarisha maisha.

Simaanishi akimbie kama marehemu Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho aliyeiletea Kenya medali ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo mwaka 1964. Atembee tu. Nchini Italia, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wagonjwa 296 wanaosafishwa damu. Kundi moja lilitembea taratibu nyumbani, dakika 10 mara mbili, kila baada ya siku moja. Baada ya miezi 6, umbali waliomudu kwa dakika 6 ulipanda kutoka wastani wa mita 328 hadi 367. Wenzao ambao hawakupewa mazoezi hayo hawakupata nafuu hiyo.

Masharti yapo. Daktari aulizwe kwanza. Atembee siku isiyo ya mashine, asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijatelezesha njia, na mahali tambarare. Mwendo uwe wa mtu anayeweza kuzungumza. Mwenye kisukari asitoke na njaa. Mkono unaodungwa sindano za mashine usibebe mzigo. Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kumpaa, asimame na apelekwe hospitali. Na kiu ya matembezi isizimwe kwa birika zima la chai; kipimo cha vinywaji kibaki kile alichopewa.

Nawaomba pia wakuu wa hospitali zetu: mgonjwa anapopimwa uzito kabla ya mashine, mara moja kwa mwezi apimwe na nguvu za miguu. Anainuka kitini na kuketi mara ngapi kwa dakika moja? Kiti na saa ya ukutani vyatosha.

Nawe msomaji, utakapopiga simu nyumbani Jumapili, usimwambie Baba apumzike. Muulize leo ametembea hadi wapi.