Marufuku ya doriani itatuletea doriani kabatini

Wanachuo wenzangu, tangazo mmeliona. Limebandikwa kwenye milango ya mabweni yote tangu msimu uanze: ni marufuku kuingiza doriani katika eneo lote la chuo, na atakayekutwa nalo atanyang'anywa na kuandikiwa barua. Getini walinzi wanapekua mikoba kama tunapanda ndege. Mzee wa baiskeli, yule anayekuja jioni na mapakacha yake, ameambiwa akasimame ng'ambo ya barabara, mbali na kivuli.

Mimi nimekuja Unguja kusoma, kwetu ni Singida. Doriani kwetu hakuna, kwa hiyo hapa sitetei tunda la nyumbani. Natetea akili ya kawaida tu.

Tuanze na ukweli: doriani linanuka. Anayebisha ana mafua. Harufu yake inatokana na kemikali zenye salfa, na mwaka 2017 wanasayansi wa Singapore waliosoma vinasaba vya doriani walionesha kwamba tunda hili lina nakala nyingi za jeni zinazohusika na kutengeneza kemikali hizo. Maana yake si uchafu wa muuzaji, wala halijaoza. Ndivyo lilivyoumbwa. Huko kwao Borneo na Sumatra, harufu hiyo ndiyo inayowaita wanyama msituni waje wale na kuzisambaza mbegu.

Basi mtu anayelala chumba cha watu wanne, kesho ana mtihani, halafu mwenzake anapasua doriani juu ya kitanda, ana haki zote za kulalamika. Hapo niko upande wa Waziri wetu wa Malazi. Vyumbani lisiingie. Maktaba lisiingie. Kwenye basi la chuo, hapana kabisa. Lakini tangazo halikusema vyumbani. Limesema eneo lote la chuo, pamoja na uwanja wa mpira na chini ya miembe. Hapo ndipo tunapoachana.

Wanaounga mkono marufuku hii wanapenda kutaja Singapore. Ni kweli, kwenye treni za kule doriani haliruhusiwi, na alama yake imebandikwa kabisa. Lakini mfano huo wanaukata nusu. Mji huohuo una mitaa kama Geylang ambako doriani linauzwa barazani, meza na viti vimepangwa, watu wanakaa wanakula hadi usiku. Wenzetu hawakulifukuza tunda mjini. Waliamua liliwe wapi na lisiliwe wapi.

Na kuna kisa kingine ambacho Waziri angekisikia kabla ya kusaini. Mwaka 2018 maktaba ya Chuo Kikuu cha RMIT, Melbourne, ilibidi watu zaidi ya 500 watolewe nje kwa sababu ilinuka kama gesi imevuja. Zimamoto wakaingia na vifaa vyao, wakatafuta. Walichokuta ni doriani lililooza ndani ya kabati, na viyoyozi vilikuwa vimeisambaza harufu jengo zima. Sasa jiulizeni: doriani linafikaje kabatini? Mtu halili tunda kabatini. Analificha. Marufuku ya kila mahali inamfundisha mwanachuo kulifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, kulipitisha chini ya nguo za kufua, na kulisukuma nyuma ya masanduku mpaka mlinzi apite. Kisha anaitwa kwenye kipindi, anasahau. Tutakuwa tumejitengenezea wenyewe kile tunachokiogopa.

Doriani linataka hewa. Mwanasayansi wa Kiingereza Alfred Russel Wallace, katika kitabu chake cha 1869 kuhusu visiwa vya Asia, anaeleza kwamba mara ya kwanza, huko Malacca, harufu ilimshinda hata asiweze kulionja. Baadaye Borneo aliokota lililoiva chini ya mti, akalila palepale nje, na tangu hapo akawa mlaji. Tunda lilelile, pua ileile, mahali tofauti.

Kwa mliotoka bara kama mimi, ambao mnalijua kwa harufu tu, niwape somo nililopewa na yule mzee. Kwanza, angalia kikonyo. Kikiwa kibichi, tunda halijakaa sana. Kikiwa kimekauka kama kijiti, liache. Pili, litikise taratibu karibu na sikio. Mbegu zikigonga kidogo ndani, limeiva. Tatu, tazama kama lina vitundu vya wadudu. Ukitaka kulipasua, usipigane na miba. Ganda lina mistari kutoka chini kwenda juu, tia kisu hapo na litafunguka vyumba vyumba. Ndani kuna nyama laini kama siagi iliyozizunguka mbegu, ina utamu wa maziwa yaliyochemshwa na sukari, halafu kwa mbali kitunguu. Mbegu usitupe, chemsha au choma, zinaliwa. Bei yake si ya mtu mmoja mwenye bumu linaloelekea kuisha, kwa hiyo mnachangishana watano. Na hicho ndicho nilichokipenda. Katika chuo hiki, wa bara na wa visiwani tunakaa madarasani pamoja na tukitoka kila mtu na wake. Mara ya kwanza kukaa mduara mmoja na wenzangu wa Kizimbani na Pemba tukacheka mpaka magharibi, katikati yetu palikuwa na doriani.

Tusisahau pia kwamba wapo humu ambao ada yao inatoka kwenye midoriani ya shambani kwao. Anaposoma mlangoni kwamba mazao ya baba yake yamewekwa kundi moja na sigara na pombe, unadhani anajisikiaje?

Nachopendekeza hakihitaji bajeti. Doriani liruhusiwe sehemu moja: chini ya ile miembe nyuma ya uwanja, mbali na mabweni na upepo unakoelekea. Liwekwe pipa lenye mfuniko kwa maganda, na litolewe kila usiku. Mzee aruhusiwe kuuza hapo kuanzia alasiri hadi magharibi. Atakayekutwa nalo chumbani, aandikiwe barua na mimi sitamtetea.

Bunge la wanafunzi linakaa wiki ijayo. Wawakilishi wetu, hoja ndiyo hii, ipelekeni.