Wasio na Mswada Nao ni Watunzi

Miongoni mwa wapenzi wa fasihi kuna kauli iliyozoeleka hata haionekani tena kuwa ni dhulma: kwamba kundi la wachekeshaji linalopanda jukwaani bila ya mswada halina mtunzi, na kisicho na mtunzi si fasihi. Tamthilia iliyochapwa huingia darasani, ikahakikiwa na kutungiwa mitihani. Mchezo mrefu uliozaliwa jukwaani, mbele ya watu waliolipa kiingilio, huitwa porojo, na walioucheza huitwa "wale wa vichekesho", kama kwamba hawakupewa majina na wazazi wao. Kauli hiyo haina mashiko, na wa mwanzo kuikataa walipaswa kuwa watu wa ushairi.

Kwani mwambao huu ulianza lini kuupima utunzi kwa karatasi? Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Beti zake zilikaa vifuani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuzikusanya pamoja na William Taylor, na diwani yake haikutoka hadi mwaka 1940. Hakuna mwenye akili zake atakayesema kuwa Muyaka amekuwa mshairi mwaka huo, miaka mia moja baada ya kuzikwa. Na katika majibizano ya washairi, anayejibu papo kwa papo, mizani na vina vikatimia, hutajwa kwa heshima kuliko anayeomba muhula wa siku tatu. Ikiwa wepesi wa ulimi ni sifa kwa malenga, kwa nini uwe aibu kwa mchekeshaji?

Anayedhani kuwa wachekeshaji hubahatisha hajawatazama vyema. Katika miaka ya 1990 makundi kama Muungano na Tanzania One Theatre yalijaza kumbi za Dar es Salaam kwa maonyesho ya saa kadhaa, yenye ngoma, sarakasi, taarabu, vichekesho na mchezo mrefu wa kuigiza. Mchezo huo haukuandikwa. Kundi lilikaa mazoezini likakubaliana kisa: nani anaposa, nani ana siri, nani anafilisika, na fumbo linafumbuka wapi. Maneno aliachiwa kila mwigizaji, na hapo ndipo ulipo ugumu. Tuseme mmoja atamke ghafla, "Shemeji, lile jahazi ulilokopa limezama." Mwenzake, ambaye hajapata kulisikia jahazi hilo, ana pumzi moja tu ya kuamua. Akiuliza, "Jahazi gani?" mchezo nao umezama. Akijishika kichwa na kusema, "Na mahari ya mwanangu yalikuwamo humo!" basi kundi limepata baba mwenye deni, bwana harusi aliye mashakani, na sababu ya onyesho linalofuata. Huenda jahazi hilo likarudi mwisho wa mchezo, wakati kila mtu amekwisha kulisahau. Kazi hiyo yataka kumbukumbu, usikivu, na ukarimu wa kumwachia mwenzio neno lililo bora.

Jijini Chicago, Marekani, sanaa ya namna hii imepewa haki yake. Mwaka 1955 David Shepherd na Paul Sills walianzisha huko kundi la Compass, lililocheza michezo mirefu kwa kufuata muhtasari wa kisa tu. Viola Spolin, mamake Sills, alichapisha mwaka 1963 kitabu cha mazoezi ya uigizaji usio na mswada. Del Close naye, akiwa San Francisco mwaka 1967, alishiriki kulijenga umbo liitwalo Harold, ambalo baadaye alilifundisha Chicago pamoja na Charna Halpern: hadhira hutoa neno moja, na kutokana na neno hilo wachezaji huzalisha maonyesho yanayoachana, yakarudi, na mwishowe yakasukana. Mpenzi wa tenzi hatashindwa kuitambua sanaa ya kulitupa neno mwanzoni ukaliokota mwishoni. Huko yapo madarasa ya kuifundisha. Huku anayeiweza huambiwa akatafute kazi.

Wapo watakaojibu kuwa vichekesho vingi ni matusi, kejeli kwa walemavu na mizaha iliyochakaa. Vya aina hiyo vipo, na vinastahili kukosolewa kwa ukali. Lakini mashairi mabovu nayo ni mengi, na hakuna aliyedai kwa sababu hiyo kuwa ushairi si sanaa. Kibaya hupimwa kwa kizuri cha jinsi yake. Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia zake zimesomwa na vizazi vya wanafunzi, aliviona vichekesho vinastahili uchunguzi katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1975 huko Berlin. Yeye hakuona haya; wanaoona haya ni wasomaji wake.

Dharau hii ina gharama, na wanaoilipa ni wanakikundi wenyewe. Bango hubeba jina la kundi na sura ya nyota mmoja. Kamera ikija humchukua huyo huyo, na waliompokea maneno yake kila usiku hubaki walipo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: nyota naye, akiwakosa wenziwe wa kumjibu, huanza kujirudia. Wala umaarufu si kinga. Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kwa jina la King Majuto, aliichekesha nchi kwa miongo mingi. Alipougua mwaka 2018, mwaka aliofariki, mikataba yake ilizungumzwa hadharani hata serikalini. Ikiwa hayo yalimfika yeye, seuze yule aliyeigiza jirani mlevi!

Tarehe 25 Februari 1545, mjini Padua, Italia, wachekeshaji wanane walikwenda kwa mthibitishaji wa hati wakafunga mkataba wa kundi. Walikubaliana kugawana mapato, kuziweka fedha katika kisanduku chenye funguo tatu, na kumsaidia kwa mali ya kundi mwenzao atakayepatwa na maradhi. Maneno waliyoyasema jukwaani yamepotea. Majina yao yapo hadi leo.

Kwa hiyo wanaolitaka kundi liandike mswada ndipo liheshimiwe wanadai karatasi isiyohusika. Karatasi inayohitajika ni mkataba ulio na majina ya wanakikundi wote, na bango linaloyataja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji, lakini haki isiyo na jina la mwenyewe haina wa kuidai. Mwenye kituo cha televisheni alilipe kundi, asiulipe uso mmoja. Mhakiki naye aende ukumbini, asikilize kama anavyolisikiliza shairi, kisha aandike nani alilizamisha jahazi na nani aliyeliopoa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na hatunziki asiyejulikana jina.