Dada staa, ndimu ni ya supu, siyo ya sura iliyokauka!

Leo kuna mtu nataka kumsema. Jina sitaji maana hela ya wakili sina, ila ni dada mkubwa tu kwenye bongo muvi na wengi wenu mnamfuata Insta.

Wiki iliyopita katupia kaklipu yuko bafuni, anasema kipupwe hiki ngozi zetu zinapauka na dawa ni vitu vya asili. Kamua ndimu, changanya na sukari, sugua uso mpaka usikie unawaka, eti ukiwaka ndo inafanya kazi. Malaiki kama yote. Sasa mdogo wangu yuko chuo Iringa, na Iringa ya Julai mnaijua, asubuhi ukicheka tu mdomo unapasuka. Kajisugua siku tatu mfululizo. Ya nne kanipigia video analia, mashavu yamebabuka kama kamwagiwa chai.

Jamani, ngozi ikiwaka inakuomba uache! Ndimu ni asidi kali, na ngozi iliyokauka tayari ina mipasuko midogo ambayo hata huioni. Halafu ukitoka juani na ndimu usoni, unaweza kuungua ukabaki na madoa meusi miezi kadhaa. Ni ya asili, sawa. Upupu nao si wa asili, mbona hujipaki?

Kitu ambacho mastaa hawasemi, labda kwa sababu hakiuziki, ni kwamba ngozi kavu inapoteza maji yanayotoka ndani yake kwenda hewani. Kazi yako ni kuyazuia. Bibi yangu wa Tanga alikuwa anachemsha tui la nazi mpaka mafuta yanajitenga, ukitoka kuoga anakupaka ungali umelowa, taulo hajakupa. Hapo kwenye kulowa ndo penyewe. Mafuta hayaongezi maji, yanafunika yaliyopo. Ukijipaka saa nzima baada ya kuoga, umefunika sufuria tupu.

Nazi ikikutoa chunusi usoni (inatokea, hata mimi), ipake miguuni na mikononi tu. Alovera nayo nzuri, ila ukikata jani lisimamishe kwanza yale maji ya njano yachuruzike, yanawasha. Ukipaka ute wake, weka mafuta juu. Na punguzeni kuoga maji ya moto yanayotoa moshi, vuguvugu inatosha. Halafu hapa wa mambo ya asili mtanichukia: mafuta ya mgando ya kwa Mangi, ambayo hayajatoka kwenye mti wowote, kwa magaga ndo kiboko. Paka usiku, vaa soksi, lala.

Sasa kilichoniuma zaidi. Dogo kamwandikia huyo dada inboksi kwamba kababuka. Kajibiwa na mtu wake achukue "mafuta yetu asilia", elfu 35, kopo dogo halina lebo wala viambato, wiki moja tu analainika na kung'aa. Nikashtuka. Mti gani huo unamng'arisha mtu kwa wiki moja? Mikorogo ya hivi ndo inayokutwaga na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Mwanzoni unakuwa laini kama mtoto mchanga, ukiacha ngozi inachachamaa, inawasha, inatoa vipele, basi unarudi kununua tena. Steroidi inaifanya ngozi kuwa nyembamba, zebaki inapenya mpaka ndani na kuharibu figo. Tanzania vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, lakini kopo lenyewe linauzwa inboksi na kuletwa na bodaboda, TBS watalionea wapi?

Na dogo alishataka kutuma hela ya bumu. Yaani ale mihogo mwezi mzima kisa kopo! Nimemzuia. Kwa sasa ananawa maji tu, anapaka mafuta ya mgando kiduchu, ikifika Jumatatu hajatulia anaenda zahanati ya chuo.

Wewe dada, kama unasoma hapa, na najua huwa unapita, tuwekee lebo kwenye hilo kopo tuone kilichomo. Na wadau, kuna aliyewahi kulitumia? Ngozi ilikuwaje ulipoacha? Funguka hapo chini, hata bila jina.