Ua Lililotoroka Bustani

Ukitoka Mingoyo kuelekea pwani, tazama penye mchanga na jua kali. Utaona ua dogo la petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo hakuna aliyelipanda. Lilikuwa pambo la bustani na makaburi, likatoroka, na leo laota lipendapo. Wataalamu huliita Catharanthus roseus. Asili yake ni Bukini, yaani Madagaska. Kwetu ni mgeni, ila si msumbufu kama gugu maji, ambalo nalo lilikuwa pambo la mabwawa kabla ya kulivamia Ziwa Victoria. (Lina sumu, asiwepo wa kulichemsha na kulinywa kwa sababu ya makala haya.)

Mwaka 1952 bahasha ya majani yake kutoka Jamaika ilimfikia mtafiti Robert Noble huko Kanada. Wajamaika waliyanywa kama chai kwa ajili ya kisukari. Noble na mwenzake Charles Beer hawakuona nafuu ya kisukari, bali waliona chembe nyeupe za damu zikipungua. Mwaka 1958 wakatangaza dawa ya vinblastini. Punde ikafuata vinkristini, itibuyo saratani ya damu ya watoto, na pia uvimbe wa taya alioueleza Denis Burkitt huko Uganda mwaka huohuo wa 1958.

Kampuni za dawa zilipata faida. Bukini ingedai kwa hati gani? Ua lilikwisha kutawanyika duniani, bahasha ilitoka Jamaika, na mkataba wa kimataifa wa bioanuwai ulikuja mwaka 1992.

Wapo wasemao Bukini ilipwe. Sikatai. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba mali ya dunia imekusudiwa watu wote. Basi mdai wa kwanza, kwa maoni yangu, ni mtoto mgonjwa, awe wa Bukini au wa Mingoyo. Huyu wa kwetu ua li mlangoni pake, ilhali kituo kikuu cha tiba ya saratani za watoto kiko Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400. Hata dawa ikitolewa bure, mama atahitaji nauli na mahali pa kulala kwa miezi, na wadogo waliobaki nyumbani watahitaji wa kuwapikia. Vigango vyetu huchangia paa la kanisa bila kusukumwa. Nauli ya mama huyu haijawahi kusomwa katika matangazo ya Jumapili.